Nilipowapeleka majini wangu Gede

Msomaji mpendwa, umewahi kusafiri na majini mapajani? Mimi nimewahi, tena kwa nauli ya mtu mmoja.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, ndani ya matatu iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Malindi. Nilikuwa nimekumbatia katoni ya vitabu 60 ambavyo utingo alikataa kuvipandisha juu bila ya malipo ya ziada. "Una nini humo, kaka?" akaniuliza. Mwandishi mchanga haachi nafasi ya kujitangaza impite. Nikajibu kwa sauti iliyofika hadi kiti cha nyuma: "Hadithi za majini!" Mama aliyekaa kando yangu akavuta buibui lake, akasogea kadiri kiti kilivyomruhusu. Kutoka hapo hadi Kilifi nilikaa kwa nafasi kama bwana mkubwa.

Labda utauliza, mtu wa Nairobi anatafuta nini Pwani na bidhaa ya namna hiyo? Kisa ni kirefu, nami nitakufupishia.

Nilipomaliza kuandika kitabu changu cha kwanza nilipeleka mswada kwa wachapishaji watatu. Wawili hawakunijibu hadi leo. Mhariri wa kampuni ya tatu alinikaribisha chai, akanieleza jambo ambalo kila mwandishi wa Kenya huelezwa siku moja: kinacholipa mishahara ni kitabu cha shule. "Majini hawatahiniwi," akasema. Kisha akanikumbusha ile tume iliyoundwa na Rais Moi mwaka 1994 kuchunguza habari za ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilifika Bunge mwaka 1999. Kwa maoni ya mhariri huyo, hofu ya siku zile haijawatoka wazazi, na mwalimu mkuu hawezi kununua kitabu chenye picha ya jini jaladani halafu akalala usingizi.

Basi nikakopa kwenye chama, nikachukua nambari yangu ya ISBN kwa watu wa maktaba ya taifa, nikateremka River Road kutafuta mpiga chapa. Nilitaka nakala 500. Nilimwagiza jini wa jaladani awe wa samawati. Akatoka wa rangi ya waridi, kama bibi harusi. Nilipolalamika, mpiga chapa aliniambia kwa utulivu kwamba majini hubadilika.

Kuuza nako ni jihadi. Maduka hukuambia, "Acha kumi, vikinunuliwa tutakuita," na simu haiji. Jamaa zako wataka bure, tena wataka usahihi na sahihi yako ndani. Siku moja nilitandika vitabu vyangu kando ya njia mjini, akaja mhubiri wa barabarani, akanunua viwili ili apate kuvilaani mbele ya watu. Alilaani kwa nusu saa. Siku hiyo niliuza tisa, na hadi leo sijapata wakala bora kuliko yule.

Nilipokata tamaa nilijifariji kwa habari za marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Naye alikuwa mgeni katika fani aliposhinda shindano la hadithi kwa kisa chake cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka kitabu mwaka 1960. Jina la mzimu lilikuwa pale juu likiwaita watu, ingawa ndani Bwana Msa, mpelelezi wake, hutumia akili na si kafara. Nikajiambia, kumbe soko lipo. Nikajiambia pia kwamba kama Nairobi hawawataki majini wangu, niwarudishe kwao, nilikochota visa vyenyewe nilipokuwa kijana nikikaa kwa mjomba. Ndipo nikapanda treni hadi Mombasa, na asubuhi yake matatu ya Malindi.

Njia hiyo, msomaji, haichoshi. Unavuka daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991, na chini yako maji ya hori yametulia kama mafuta katika sahani. Wazee bado wanasimulia foleni za feri za zamani. Kisha mashamba ya mkonge na ya minazi yanakwisha, na msitu wa Arabuko-Sokoke unakupokea upande wa kushoto. Huu ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani uliosalia katika Afrika Mashariki, zaidi ya kilomita 400 za mraba. Nyani hukaa kando ya lami kama wanaosubiri matatu. Ukimalizika msitu, unashuka kwenye njia panda ya Watamu. Hapo ndipo Gede.

Magofu yenyewe yako ndani ya kichaka kinene, mwendo mfupi kutoka barabarani. Ukiingia lango, kelele za bodaboda zinakatika ghafula. Kuna msikiti mkuu, kuna jumba la mfalme lenye vyumba na nyua zake, kuna visima vilivyochimbwa kwenda chini mpaka jicho linachoka, na mibuyu na mikuyu iliyokumbatia kuta za matumbawe hata hujui kipi kinamshikilia mwenziwe. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Humu walikaa Waswahili waliokula kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ukahamwa. Wengine hutaja maji ya visima kushuka, wengine mashambulizi. Wareno walikaa Malindi, mwendo wa kilomita 15 hivi, wala hawakuandika lolote kuhusu mji wenye jina hili.

James Kirkman, Mwingereza aliyekuja kuchimbua magofu haya mwaka 1948 akaendelea kwa miaka kumi, alikiri kwamba siku za kwanza alihisi kuna mtu nyuma ya kuta akimtazama, asiye adui wala rafiki. Naye alikuwa mtaalamu wa kupima udongo! Wenyeji hawakushangaa, wao husema wazee wa kale wangali humo na hawapendi vitu vyao viguswe. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Nilikaa juu ya ukuta ulioanguka, kima wakinichungulia, nikajisemea: hapa kitabu changu kitauzika chenyewe.

Jioni nilitandika mkeka karibu na banda la kahawa pale njia panda. Watu walikuja wengi. Lakini nikagundua jambo. Nairobi watu huniuliza, "Ni kweli haya?" Gede waliniuliza, "Nani alikuambia?" Mzee mmoja mwenye kofia alimwita mjukuu wake wa kidato cha pili amsomee kwa sauti. Kisa cha jini wa kisimani kikasomwa chote, kahawa ikipoa. Kilipokwisha mzee akanisahihisha mahali pawili, kwa upole, kama fundi anayenyoosha msumari. Nikauza vitabu 11 papo hapo. Moyo wangu ulikuwa juu.

Kijana akafungua ukurasa wa 61.

Sasa sina budi kukukiri jambo, msomaji. Kisa kilichoanzia ukurasa ule sikukichota Pwani wala popote. Nilikiandika Nairobi kwa usiku mmoja kwa sababu mpiga chapa aliniambia kitabu chembamba hakisimami rafuni. Kilikuwa kisa cha mchawi: mzee wa mvi, mwenye macho mekundu, akaaye peke yake pembezoni mwa shamba, anayeua wajukuu zake mmoja mmoja hadi vijana wa kijiji wanapomjia usiku na mienge. Nilikiona kitamu sana.

Kijana alisoma hadi mwisho. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesahihisha. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

"Huyu mzee ulimwona wapi, mwanangu?" mzee akaniuliza.

"Nilimbuni tu, mzee."

"Na hizo mvi?"

Sikuwa na jibu. Akavua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeusi tititi, weusi wa rangi ya chupa, na kwenye mizizi mvi zilikuwa zinachomoza. "Mimi hupaka kila mwezi," akasema. "Si kwa ajili ya wanawake."

Nilikuwa nimesoma magazetini, kama nawe ulivyosoma, habari za wazee wa Kaunti ya Kilifi wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi, na jinsi mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna shamba ambalo mtoto au mpwa anataka kuliuza. Nilikuwa nimesikia pia kuhusu Kaya Godoma kule Ganze, wanakopewa hifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Nilisoma, nikafungua ukurasa wa michezo. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo pamoja na ukurasa wangu wa 61.

"Jini ukimwandika vibaya," mzee akaniambia, "hana nyumba ya kutiwa moto. Mimi ninayo. Hawa vijana unaowauzia ndio wanaokuja na mienge."

Nikamwambia nisamehe, mzee. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa shilingi 300, bei kamili, akasema anakitaka kitabu kwa sababu ya yule jini wa kisimani, lakini nikate kwanza hizo karatasi. Muuza kahawa akaniazima kisu. Zilikuwa karatasi saba, ukurasa wa 61 hadi wa 74. Mzee akazipokea, akazikunja mara mbili, akazisukuma kwenye makaa chini ya birika.

Wale 11 walionunua mapema, niliwapata saba nikawabadilishia. Wanne walikuwa wameshaondoka na matatu, na vitabu vyangu vinne viko mahali fulani kati ya Gede na Malindi na mchawi wangu ndani. Usiku ule, katika chumba cha kulala wageni, nilikata vilivyobaki kwa wembe. Niliporudi Nairobi nilikata vya nyumbani vyote, mke wangu akishika taa stima ilipopotea, asiniulize kitu hadi tulipofika cha mia mbili.

Sasa kitabu changu hakisimami vizuri rafuni, mpiga chapa alisema kweli. Juzi mwanafunzi mmoja wa chuo alikikagua, akaruka kutoka ukurasa wa 60 hadi wa 75, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Alitaka nimpunguzie bei. Nikamsimulia niliyokusimulia wewe. Alilipa 300, akauliza kama rangi ile ya nywele hupatikana pia Ganze, maana babu yake yuko huko na anakataa kata kata kupaka.