Alama Chini ya Sinia

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea kuhusu nyumba za wazazi wetu. Nikagusia kaunta ya jikoni kwa mama, halafu nikabadilisha mada haraka. Haya, kisa chenyewe ndiyo hiki.

Mama anaishi Barking, mashariki mwa London, nyumba ileile niliyokulia. Miaka yote alitamani kaunta ya jiwe. Akacheza upatu na wenzake, zamu yake ikafika, akaenda dukani. Alikwenda peke yake. Mimi nilikuwa kazini, nikamwambia kwa simu, "Mama, we chagua rangi tu." Muuzaji akamwambia hii granaiti, jiwe halisi, hata sufuria ya moto unaweka. Mama akasaini.

Miezi miwili baadaye nikaanza kuona sinia la chai halibanduki pale kando ya jiko. Siku moja nikaliinua. Chini yake kulikuwa na alama ya manjano, mviringo, saizi ya chuma cha chapati. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Usimwambie mtu," akasema. "Jiwe la watu nimeliharibu mwenyewe."

Yaani mwanamke aliyepika chapati miaka arobaini anajiona hajui kutumia jiko lake! Lakini kuna kitu hakikuniingia akilini. Granaiti ni mwamba uliotokana na uji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi. Joto la ghafla linaweza kuipasua, sawa, lakini kuungua ikawa manjano kama karatasi?

Nikaanza kuchunguza. Kuigusa hakusaidii, maana jiwe halisi na la kiwandani yote ni baridi mkononi. Ndimu nayo inafichua marumaru tu, kwa sababu tindikali inaila na kuacha doa. Kwa hiyo nikafungua kabati la chini ya sinki, nikalala chali na tochi ya simu, nikatazama pale kaunta ilipokatwa.

Kwenye granaiti punje hazifanani: kubwa, ndogo, nyeusi, nyeupe, nyingine zinang'aa kama kioo, na zimetawanyika bila mpango. Hapa vidoa vilikuwa saizi moja, vimepangana kama kitambaa cha dukani. Nikashikilia kitambaa kibichi upande ule wa chini, ambao haujang'arishwa, kwa dakika kumi na tano. Granaiti isiyopakwa dawa kwa kawaida hunywa maji, ikawa nyeusi kidogo. Hii nikaifuta, ikabaki vilevile, kavu kama sahani.

Mwisho nikaomba risiti, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza. Imeandikwa kwatzi. Hayo ni madini halisi, ndiyo, lakini kaunta yenyewe inatengenezwa kiwandani: asilimia 90 hivi ni kwatzi iliyosagwa, iliyobaki ni rangi na gundi ya plastiki inayoshika punje pamoja. Si kitu kibaya. Ni ngumu, haishiki madoa kirahisi. Ila ile gundi haipatani na chuma kilichotoka motoni. Mama Kiingereza anakisoma vizuri tu, lakini tofauti ya maneno yale mawili nani alimweleza?

Nikamkalisha, nikamwambia yote. Akanyamaza. Nilidhani atalilia pesa zake.

"Kwa hiyo si mimi?" akauliza.

"Si wewe, mama."

Akainuka, akalichukua lile sinia, akalirudisha kabatini.

Hapa Uingereza sheria ya haki za wateja ya mwaka 2015 inataka bidhaa ilingane na ilivyoelezwa. Isipolingana, unaweza kudai itengenezwe au ibadilishwe. Tumeandika barua, pamoja na picha za alama na maneno ya muuzaji kama mama anavyoyakumbuka. Bado tunasubiri jibu. Safari hii tuliandika wawili, mama akisema, mimi nikichapa.

Mimi sijasahau ile simu. Tangu niko darasa la tatu nilikuwa namsomea barua za benki na za hospitali, nikichoka na kununa. Nilipokuwa mtu mzima nikajiambia kazi ile imeisha. Kumbe alichohitaji dukani si mkalimani. Alihitaji mtu wa kusimama naye aulize, "Hili neno kwenye karatasi, maana yake nini?"

Wiki hii mzazi wako akikwambia anaenda kusaini kitu, nenda naye.