Sina Vidio ya Hii

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kabla hamjaniuliza tena: hapana, sirudi sa hizi. Asubuhi namsaidia shangazi kwenye nasari yake hapa Likoni, mchana natengeneza kontenti. Nasari yenyewe ni chumba kimoja, mlango unatazama stendi ya matatu. Kelele zake mnazijua.

Shangazi alisomea Montessori. Mimi nilidhani hilo ni jina la shule za watoto wa Nyali. Kumbe Maria Montessori alikuwa daktari Mwitaliano, na nyumba yake ya kwanza ya watoto, Roma mwaka 1907, ilikuwa San Lorenzo, mtaa wa maskini. Kwa muziki alishirikiana na Anna Maria Maccheroni. Wana kengele ambazo kwa macho zote zafanana. Mtoto anagonga moja, halafu anaenda kutafuta pacha yake kwa maskio tu. Hakuna wa kumwambia amekosea. Akikosea anaskia mwenyewe.

Kengele hizo ni ghali, tusidanganyane. Sisi tuna vichupa kumi na viwili tumevipaka rangi visionekane ndani, sita vyekundu, sita vya buluu: mchanga, chumvi, mchele, pojo, kunde, vijiwe. Unatikisa, unatafuta pacha. Mchanga na chumvi hunishinda hata mimi. Babu mmoja alipoviona alicheka, ati si hizo ni kayamba zimekatwakatwa? Kesho yake akaja na kayamba lake, matete yenye mbegu ndani, akalitikisa polepole pale mlangoni. Darasa zima kimya. Wazazi wengine hawacheki. Mama mmoja aliuliza mwanawe ataacha lini kutikisa mchele aandike.

Sasa, kuna mvulana mmoja hajafika miaka minne. Tangu Januari hatukuwahi kumskia akisema neno, hata salamu. Siku moja alikaa na vichupa peke yake. Anatikisa, anafunga macho, anaweka, anachukua kingine. Alikuwa keshapata jozi nne. Mimi nikaona laiki. Nikatoa simu, nikapiga magoti mbele yake: "Hebu tikisa tena kidogo, unione hapa."

Akaweka kichupa chini. Akaenda kukaa kwenye mkeka, na vichupa hakuvigusa siku nane. Nilizihesabu.

Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wewe umezoea kukatiza watu." Iliniuma, manake ni kweli. Kazi yangu nzima ni sekunde tatu za kwanza, nikushike kabla hujapita. Na chuoni nilikuwa yule wa kuulizwa swali na kukatwa kabla sijamaliza kujibu, mpaka nikaacha kujibu. Sikuwahi kudhani naweza kumfanyia mtu vile vile nikiwa natabasamu na simu mkononi.

Nikaanza kuacha simu kwenye kabati la shangazi. Wiki mbili akaunti ililala, mliona wenyewe.

Siku ya tisa akarudi kwenye vichupa. Mimi nilikuwa nafagia, sikumwangalia. Alitikisa muda mrefu, kisha nikaona miguu yake mbele ya ufagio. Akanivuta shati niiname, akaniwekea kichupa chekundu skioni, akatikisa.

"Pojo," akasema.

Zilikuwa kunde. Nikanyamaza.