Kutoka Kitale Hadi Lodwar: Barabara Ishukayo Jangwani

Mtu aliyezoea nchi ya mashamba hudhani kwamba Kenya yote ni ya namna moja. Akifunga safari ya Kitale hadi Lodwar, mwendo wa karibu kilometa 300, dhana hiyo humtoka kabla ya jua kutua. Kitale iko meta 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo hupata mvua ya zaidi ya milimeta 1,100 kwa mwaka. Lodwar iko meta 500 hivi, na mvua yake ni kama milimeta 200 tu. Barabara iunganishayo miji hii miwili ni moja, na jambo litawalalo safari nzima ni maji.

Mwanzo wa njia ni mahindi kulia na mahindi kushoto, mpaka Makutano, ulipo mji wa Kapenguria. Hapa ndipo Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa katika miaka ya 1952 na 1953, na vyumba walimofungwa sasa ni makumbusho. Lodwar nayo imo katika habari hiyo, kwa maana Kenyatta aliwekwa kizuizini huko kuanzia mwaka 1959 hata 1961. Siku hizo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, wala mgeni hakuingia bila kibali.

Baada ya Kapenguria barabara huanza kushuka. Huzunguka ubavu wa mlima, hupinda na kupindua, na kila kona ikipitwa joto huzidi. Miti mirefu hubaki nyuma, na migunga huanza kuonekana. Ikisha kupita Chepareria na Ortum, njia huingia katika genge la Marich. Upande mmoja ni Milima ya Cherangani, upande wa pili ni Sekerr yenye kilele cha Mtelo, kipitacho meta 3,300. Katikati ya kuta hizo za mawe pana nafasi ya vitu viwili tu: mto Muruny na barabara. Kandokando ya mto huonekana watu walioinama na makarai yao, wakiosha mchanga ili kutafuta chembe za dhahabu.

Mto huu huonekana mpole wakati wa kiangazi, lakini si wa kudharauliwa. Mwezi wa Novemba 2019 mvua kubwa ilinyesha usiku katika milima ya Pokot. Ardhi ikaporomoka juu ya nyumba za watu waliolala, na zaidi ya watu 40 wakafa. Madaraja yalichukuliwa na maji, magari yakakwama pande zote mbili, na Turkana ikakatwa na njia yake ya kusini.

Hata hivyo, maji hayo hayo yakiongozwa huleta chakula. Baada ya genge njia ndogo huelekea mashariki mpaka Sigor, na huko Wapokot wana mifereji ya kumwagilia mashamba ambayo Wazungu wa kwanza waliikuta imekwisha kuchimbwa zamani. Jirani zao Wamarakwet wana mifereji ya namna hiyo hiyo, mingine ikipita juu ya majabali kwa mawe, magogo na matawi yaliyopangwa kwa ustadi. Kazi ya kuitengeneza ni ya watu wote, kugawa maji huenda kwa zamu, na aibaye zamu ya mwenziwe hutozwa faini. Mwaka 1987 mradi wa Wei Wei ulianzishwa karibu na Sigor kwa msaada wa Italia. Humo maji hushuka katika mabomba kwa nguvu ya mteremko, bila mashine ya kuyavuta. Wazee wa mifereji hawakuhitaji kufundishwa kanuni hiyo.

Msafiri akirudi katika barabara kuu hufika Kainuk, mpakani mwa Turkana. Kwa miaka mingi wizi wa mifugo uliifanya sehemu hii kuwa ya hofu, na magari yalikwenda kwa misafara yenye askari. Katika milima ya magharibi liko bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991. Ukuta wake una urefu wa meta 153 kwenda juu, nao umeziba genge jembamba. Mto wenyewe hutoka Mlima Elgon kwa jina la Suam, na umeme wake husafirishwa mpaka Lessos.

Kutoka Kainuk nchi hufunguka. Ni mchanga, mawe meusi, miiba na anga. Ngamia husimama barabarani bila haraka, na mito mikavu hukata njia moja baada ya nyingine. Palipo Turkwel tu ndipo palipo kijani. Huko Katilu Waturkana hulima mahindi na mtama kwa maji ya mto huo, na Lodwar yenyewe imejengwa kando yake, penye mikoche ambayo watu hula matunda yake na kusuka majani yake.

Yafaa msafiri aondoke Kitale alfajiri, aulize kwanza habari za usalama, na achukue maji ya kunywa ya kutosha. Akiukuta mto mkavu umejaa ghafula, asijaribu kuuvuka, hata kama hapana wingu juu ya kichwa chake, kwa kuwa mvua iliyonyesha mbali milimani huweza kumfikia jangwani. Na mkulima wa huko juu yampasa kukumbuka jambo hilo hilo. Msitu wa Cherangani ndio uzuiao maji yasishuke yote kwa siku moja. Mti ukatwao mlimani haudhuru shamba la mkataji peke yake. Hudhuru daraja la Marich, mfereji wa Sigor, na mtama wa mtu ambaye hatamwona maishani mwake.