Mji Uliobeba Jina la Sultani

Akina mama mnaosafiri kwa basi kwenda Nairobi wakati wa likizo, bila shaka mmelipita jina hili mara nyingi pasina kulizingatia: Sultan Hamud. Ni mji mdogo wa Makueni, wenye maduka kando ya barabara kuu na stesheni ya reli ya zamani. Jina lake ni la Sayyid Hamud bin Muhammed, Sultani wa Zanzibar aliyetawala tangu mwaka 1896 hadi 1902. Alikalishwa kitini na Waingereza baada ya vita vile vya Agosti 1896 ambavyo havikutimiza hata saa moja. Katika bara yetu hii, mamlaka yake hata ya kwenye karatasi yaliishia maili 10 kutoka baharini. Lakini jina lake lilipanda gari la moshi, likashuka Ukambani, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa, mahali ambapo bendera yake haikuwa na amri juu ya mbuzi mmoja.

Msidhani Wakamba walikuwa wamekaa wakisubiri kuvumbuliwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wao ndio waliokuwa wakileta pembe za ndovu pwani, na baadhi yao wakajenga karibu na Rabai. Mwaka 1849 Kivoi, mfanyabiashara mkubwa na kiongozi wa Kitui, alimpokea mmisionari wa Kijerumani Ludwig Krapf. Huko Kitui ndiko Krapf alikouona mlima wenye theluji, na jina alilolisikia kwa wenyeji wake ndilo asili ya hili tunaloitwa sote leo, Kenya. Kwa hiyo hata pasipoti unayoendea Umra imebeba neno lililofika kwetu kwa ulimi wa Mkamba. Baadaye misafara ya watu wa pwani ikaizoea njia hiyo, nayo ikaacha Ukambani watu, lugha na dini.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Miaka hiyo hiyo Ukambani kulikuwa na njaa kuu wanayoiita Ngomanisye. Vyuma vikapita katikati ya watu waliokuwa wakizika. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wengi walirejea kwao, wengine wakabaki. Makindu pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo hadi leo humlisha msafiri yeyote bila malipo na bila ya kumuuliza dini yake. (Hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu ya yale nitakayoyasema baadaye.) Wamisionari wa Kiskoti nao walipiga kambi Kibwezi mwaka 1891, na mwaka 1898 wakahamia Ukikuyuni.

Ndiyo desturi ya njia kuu: huupa mji uhai, kisha huusahau. Mwaka 2017 ilikuja reli mpya. Katika Makueni treni yake ya abiria husimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Sultan Hamud na Makindu huziona kwa dirishani. Anayeuza machungwa na mayai ya kuchemsha hakuulizwa. Naye hubaki na mabasi na malori, na watoto wake hukua wakijifunza kuhesabu wageni wanaopita.

Lakini lililonishughulisha zaidi si biashara. Katika miji hii kuna familia za Kiislamu za Kikamba, nyingine zenye vizazi vitatu au vinne katika dini. Bara, kwa muda mrefu, Mwafrika akisilimu huitwa Mswahili, hata kama baba, babu na shamba lake vyote ni vya hapo hapo. Mama mmoja wa huko, ambaye nimemjua kwa sababu ya darsa, aliniambia: "Sheikh, huku naitwa Mswahili kwa kuwa nafunga Ramadhani. Nikija kwenu naitwa Mkamba kwa kuwa nasema hivi ninavyosema. Nipeni basi jina moja." Aliyasema akicheka, na hakuwa na furaha.

Alikuwa na sababu. Binti yake, mwalimu, ameposwa na kijana wa pwani. Kijana ameridhika, binti ameridhika, baba wa binti ameridhika. Wanaokataa ni jamaa wa kijana, na hoja yao ni kufu: binti hana asili, wasema, mtu wa mji wa barabarani.

Hapa nasema kama mwanafunzi wa fiqhi. Kufu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi huangaliwa kwa upande wa mume. Imewekwa kuwa haki ya mwanamke na walii wake, wasije wakaozesha kwa mtu asiyemfaa, nao wakitaka huiacha. Haikuwekwa ili nyumba ya mwanamume impime bibi harusi kwa nasaba. Anayeitumia hivyo ameigeuza juu chini. Ile aya ya Sura ya Hujurat juu ya mataifa na makabila tunaisoma kwenye kila khutba ya ndoa, kisha tunarudi nyumbani kuulizana ukoo.

Na asili ya nani iliyo safi hivyo? Sisi wa pwani tuna damu ya Hadhramaut, ya Oman, ya Kigiriama, ya Kibarawa, na wapo wenye bibi wa Kikamba ambao hawamtaji. Mji wetu pia ulijengwa na pepo za kusi na kaskazi. Ni barabara tu, ila ya maji.

Nimewaandikia wazee wa kijana maneno haya haya, kwa adabu inayostahiki umri wao. Mahari yameshatajwa, madogo na ya heshima. Mama yule ameniuliza kwa simu kama aanze kushona. Nimemwambia aanze.