Kabla Hajaugua Alikuwaje?

Kizazi chetu umri wake ni wa kukisia. Wengi wetu tuliozaliwa Tanganyika miaka ya vita ya Hitila na baada yake hatukuandikwa popote siku ile. Mwaka wa kuzaliwa tulipewa na mwalimu aliyetupokea darasa la kwanza, au na karani siku ya kuajiriwa. Mama akiulizwa alijibu kwa nzige, kwa mafuriko, kwa mwaka aliofariki jumbe fulani. Wapo waliopunguziwa miaka ili shule iwapokee, na wapo waliojipunguzia wenyewe ili wachelewe kustaafu.

Sasa mwaka huo wa kukisia ndio unaotutangulia hospitalini. Kazi yangu ilikuwa uuguzi, na sehemu yake kubwa niliifanya katika wodi ya wagonjwa mahututi, ICU kama kila mtu anavyoiita. Pale vitanda ni vichache na mashine za kupumulia ni chache zaidi, kwa hiyo mgonjwa hujadiliwa mlangoni kabla hajafungwa waya hata mmoja. Mara nyingi mjadala ulianza na kauli moja: "Huyu ni mzee sana." Aliyesema hivyo alikuwa amesoma umri kwenye faili, basi.

Chukua bibi wa miaka 80 aliyeshikwa na nimonia. Juzi tu alikuwa shambani, anajitwisha kuni, anagombana na mbuzi wa jirani. Chukua na mwanamume wa miaka 67, dereva mstaafu mwenye kisukari, aliyepata kiharusi mwaka juzi, na tangu hapo mkewe ndiye anamwogesha. Ukifuata faili, kitanda ni cha yule dereva kwa sababu ndiye mdogo. Lakini mwili una akiba yake kama kihenge, na kihenge cha yule bibi bado kina mahindi. Nimonia, upasuaji, mashine ya kupumulia, vyote vinachota humo humo. Asiye na akiba, hata ugonjwa mdogo unamwangusha, na akiangushwa hainuki alivyokuwa.

Huo ndio udhaifu wa uzeeni ambao madaktari wamejifunza kuupima. Mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenzake wa Halifax, Kanada, walitoa kipimo kisichohitaji damu wala picha. Kilianza na ngazi saba, baadaye zikawa tisa. Ngazi ya kwanza ni mzee mkakamavu anayefanya mazoezi. Ya nne hategemei mtu, ila analalamika kwamba siku hizi amekuwa mzito na mchana anachoka. Ya tano anahitaji msaada wa fedha, usafiri, dawa na kazi nzito za nyumbani. Ya sita hawezi mambo ya nje peke yake, ngazi za nyumba zinamshinda na kuoga lazima asaidiwe. Ya saba anategemea wengine kwa kila kitu cha mwili wake. Ya nane na ya tisa ni za walio karibu na mwisho.

Uzuri wa kipimo hiki uko kwenye swali lake. Hakiulizi mgonjwa yukoje sasa, maana kitandani ICU hata mwanajeshi anaonekana dhaifu. Kinauliza alikuwaje wiki mbili kabla ya kuugua. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata wagonjwa 5,021 wenye miaka 80 na zaidi, katika ICU za nchi 21. Zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa ngazi ya tano kwenda juu, na kadiri ngazi ilivyopanda ndivyo vifo ndani ya siku 30 vilivyoongezeka. Zaidi ya nusu, basi, hawakuwa dhaifu kwa kipimo hicho, ingawa wote ni watu ambao mlangoni wangeitwa wazee sana.

Ila kipimo kilizaliwa Kanada, na huku kwetu kinahitaji mtu mwenye macho. Ukiuliza kama mzee anajipikia, anakwenda sokoni, anabeba maji, jibu litakuwa hapana, na huenda hajawahi kupika tangu azaliwe. Baba wa kizazi chetu hakuingia jikoni. Bibi mwenye wakwe watatu habebi ndoo, wakimwachia watasemwa kijiji kizima. Heshima inamkalisha mtu kwenye kiti miaka kumi kabla miguu haijamkatalia. Muuguzi asiyejua hilo atampandisha ngazi mbili mzee mwenye nguvu zake. Ndiyo maana nilifurahi kusikia kwamba watafiti wa Moshi, pamoja na wenzao wa Uingereza, walikwenda Wilaya ya Hai kutengeneza kipimo kifupi cha udhaifu kwa ajili ya wazee wa Tanzania, kilichojaribiwa kwa wazee wenyewe vijijini.

Lingine ni nani anaulizwa. Nakumbuka mzee mmoja aliyeletwa na gari usiku. Mwanawe alifika asubuhi kwa basi kutoka Dar es Salaam. "Sista, baba alikuwa mzima kabisa. Jumapili tumeongea kwenye simu, ametania mpaka basi." Hakudanganya, sauti ya baba yake ndiyo aliyoijua. Lakini kwenye mfuko wa nguo za mgonjwa nilikuta mkanda wa suruali wenye matundu mawili mapya, yametobolewa kwa msumari, na pale mkanda ulipokunjika zamani palikuwa mbali na matundu hayo. Nikamwita mjukuu wa kike aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje, hakuna aliyemsemesha. "Shikamoo mama. Babu usiku namshika mkono kwenda chooni. Kuoga namsaidia. Ugali anamega matonge mawili, anasema ameshiba. Dawa nampa mimi, akijipa mwenyewe anasahau kama ameshameza." Kwa dakika mbili binti yule alitupa kila kitu ambacho kipimo kinauliza.

Mzee yule alipata kitanda. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaodhani ngazi hizi ni za kumfungia mtu mlango. Uingereza ilipotoa mwongozo wa wagonjwa mahututi wa Covid mwezi Machi 2020, kipimo hiki kiliwekwa kirahisi mno, na siku chache tu baadaye ukarekebishwa baada ya familia za watu wenye ulemavu kupiga kelele. Ikabidi ielezwe kwamba hakifai kwa wenye umri chini ya miaka 65, wala kwa mwenye ulemavu wa kudumu usiobadilika. Walikuwa na haki ya kupiga kelele. Namba peke yake haitoshi kumnyima mtu pumzi.

Kazi ya kweli ya kipimo ni kutuambia mapema tufanye nini. Watafiti wa London waliopima misuli ya paja ya wagonjwa mahututi waliona, mwaka 2013, kwamba ndani ya siku 10 ilipungua kwa karibu asilimia 18. Kijana atairudisha. Mzee wa ngazi ya sita aliyeingia na misuli ya kumfikisha chooni tu, akipoteza kiasi hicho hatatembea tena. Kwa hiyo aketishwe kitandani mapema, alishwe vya kutosha, arudishiwe miwani na meno yake, aongeleshwe kwa lugha ya kwao ili akili isitangetange usiku. Na ndugu waambiwe ukweli siku ya kwanza, kwamba hata akipona huenda akarudi na uhitaji mkubwa kuliko aliokuja nao, na waulizwe kama mzee amewahi kusema angetaka nini.

Hapo ndipo kizazi chetu kinaponisikitisha. Sisi ndio tuliokaa kwenye vikundi vya redio vya "Mtu ni Afya" mwaka 1973 na kuchimba vyoo. Wenzetu walikwenda vita vya Kagera. Tulipanga foleni ya sukari na sabuni tukarudi mikono mitupu, na watoto hawakutuona tukilalamika. Tumezoea kuficha. Goti linauma, tunasema hatujambo. Tumeanguka bafuni, tunasema tumeteleza kidogo. Watoto nao wanaona aibu kumuuliza mzazi kama anaweza kujisafisha. Siku ya dharura hakuna anayejua, na daktari anabaki na ule mwaka wa kukisia.

Fomu za hospitali huomba namba ya ndugu wa karibu, na inayoandikwa huwa ya anayelipa. Ningependa iulizwe pia ya anayelala nyumba moja na mgonjwa, awe mjukuu, mke au dada wa kazi. Kwenye kadi yangu ya kliniki nimeomba ziandikwe namba mbili: ya mwanangu aliyeko Mwanza, na ya binti anayeishi nami. Nimemwambia mwanangu kwamba yule binti ndiye apigiwe kwanza, na binti mwenyewe nimemwambia aseme kila alichoona.