Sikio na Jicho

Elimu ya muziki ina milango miwili: sikio na jicho. Mwaka 1937 Charlie Parker, kijana wa Marekani, alihifadhi kwa ghibu tungo za saksafoni za Lester Young kutoka katika sahani za santuri. Nami huziandika kwa nota sahani hizo, nikirudisha sindano mara kumi. Young hukawia nyuma ya pigo, na ukawiaji huo hauna alama ya wino. Lakini nisomapo utungo wa Béla Bartók wa 1936, wa nyuzi, ngoma na selesta, jicho huona lililoliponyoka sikio: sauti hupanda polepole hadi kileleni, kisha hurejea ilikoanzia. Mwanafunzi wa ushairi ahesabuye mizani asisikie shairi likighaniwa, amefungua mlango mmoja tu.