Barua kutoka Granada: Mwezi wa Lorca na Mizani Zetu

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

Mmeniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa mshangao, mtu anasafirije hadi Uhispania kwenda kusoma mashairi. Nasoma fasihi ya Kihispania na ya Kiingereza kwa pamoja, na kazi yangu ni kufuatilia shairi linapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine: nini kinafika, nini kinazama njiani. Leo nawaletea jambo moja linalotuhusu sisi kuliko linavyowahusu Waingereza.

Mshairi wa mji huu ni Federico García Lorca. Alizaliwa mwaka 1898 Fuente Vaqueros, kijiji cha wakulima karibu na hapa. Agosti 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vimeanza tu, wafuasi wa uasi wa kijeshi walimpiga risasi nje ya mji, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Nyumba ya familia yake ya kiangazi, Huerta de San Vicente, sasa ni makumbusho. Kitabu kilichomfanya apendwe na watu wa kawaida ni Romancero gitano, yaani mashairi ya Wajipsi, cha mwaka 1928: mashairi 18, karibu yote yakiwa yametungwa kwa bahari kongwe ya Kihispania iitwayo romance.

Na romance, jamani, ina mizani nane kila mstari. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mistari hiyo ilizaliwa pale mstari mrefu wa mizani 16 wa tenzi za vita vya kale ulipokatwa katikati. Nilipolisikia hilo darasani nilianza kuhesabu kwa vidole chini ya meza: ukwapi nane, utao nane. Ni shairi letu la kawaida! Kihispania kina irabu zilezile tano, na maneno yake mengi huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu. Kwa hiyo mstari wa Lorca, mara nyingi, hutua palepale kinapotua kipande cha utenzi.

Mshairi wa Kiingereza, tangu enzi za Shakespeare, hupima zaidi kwa mapigo ya mkazo. Ndiyo maana Langston Hughes, Mmarekani mweusi aliyefika Madrid mwaka 1937 kuripoti vita kwa magazeti ya watu weusi ya Marekani, alikabiliwa na kazi ngumu alipoanza kuwafasiri Wajipsi wa Lorca. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1951. Naiheshimu mno, maana alishika taswira kwa mikono miwili na kuuacha wimbo wa Kihispania ubaki kwao. Sisi hatuna sababu ya kuuacha. Anayemfikia Lorca kupitia Kiingereza peke yake anapokea shairi lililovuliwa vazi ambalo Kiswahili tayari kinalo.

Ugumu wetu, tukimfasiri Lorca kwa Kiswahili, uko kwenye ishara. Shairi la kwanza la kitabu hicho linauleta mwezi kwenye karakana ya mhunzi, mweupe, unacheza ngoma mbele ya mtoto. Wajipsi wanaporudi, mwezi unapita angani umemshika mtoto mkono, nao wanalia. Mwezi ni mauti. Vivyo hivyo katika tamthilia ya Bodas de sangre ya mwaka 1933, mwezi unapanda jukwaani kuimulikia mauti njia. Kwetu mwezi huandama tukafurahi, na mrembo husifiwa kuwa ni mwezi wa kumi na nne.

Rafiki yangu mmoja alinishauri niweke bundi badala ya mwezi, kwa kuwa kila mtu Pwani anajua bundi akilia juu ya paa maana yake nini. Nimekataa. Bundi huja na hofu yake tayari; msomaji hushtuka kwa mazoea tu. Hofu ya Lorca inatoka ndani ya uzuri wenyewe, na msomaji aliyezoea kuushangilia mwezi ataumia zaidi kuuona ukiondoka na mtoto. Hapo naamini shairi litapata kitu katika Kiswahili ambacho hata Kiingereza hakikulipa.

Wala sitaweka maelezo chini ya ukurasa. Juan de la Cruz, mtawa aliyetunga mashairi akiwa kifungoni Toledo mwaka 1577 na 1578, alikuja kuishi hapa Granada na kuandika ufafanuzi wa beti zake mwenyewe. Lorca alikuwa kinyume chake. Kuhusu shairi lake mojawapo maarufu alisema hata yeye hajui kinachotokea humo. Nasi tumeshalelewa hivyo. Abdilatif Abdalla alipowagombanisha ndugu wawili juu ya mnazi, katika Sauti ya Dhiki aliyoitunga gerezani, wasomaji waliitambua nchi bila kuoneshwa kwa kidole.

Kinachoninyima usingizi sasa ni vina. Romance haitaki kina kamili: irabu hufanana tu, mstari mmoja ndiyo, mmoja hapana, na hivyo sauti hubaki wazi. Nikiweka vina vyetu kamili, naogopa wimbo utakuwa wa furaha mno kwa maombolezo hayo. Nikiviacha, malenga wataniambia si shairi. Nyinyi mnaotunga, wa Tanga, Pemba, Mombasa na Lamu, niandikieni kupitia mhariri. Jaribuni beti mbili kwa irabu peke yake, mzisome kwa sauti mbele ya wazee, kisha mniambie wamesema nini.

Ni mimi mwenzenu,
Granada